SOMO: Kuseti pointi za Landrover 109 ya petroli

Wakuu, kila anayerithi 109 ya mzee wake ananiuliza kwa nini inazunguka bila kuwaka. Mara nyingi ni pointi, yaani vile vibati viwili ndani ya distributa vinavyounganisha na kukata umeme wa koili. Naandika hapa mara moja. Somo ni la Series III, injini ya petroli ya 2286 cc, distributa ya Lucas. Ya dizeli haina pointi.

1. Toa waya wa betri, fungua kifuniko cha distributa, chomoa rota.

2. Fungua plagi zote ili injini iwe nyepesi, uizungushe kwa hendeli. Raha ya gari hili ni kwamba unaisikia kila silinda mkononi.

3. Toa pointi kuukuu.

4. Funga mpya. Hapa tulia. Pointi za vipande viwili zina washa na bushi ya plastiki kwenye kinguzo kidogo. Waya wa koili na wa kondensa lazima uguse springi ya pointi, usiguse kinguzo wala bati. Ukigusa, umeme wa koili unaingia bodi moja kwa moja, pointi zifunguke zisifunguke, na hupati moto kwenye plagi. Utabadilisha koili, plagi, hata betri, bure! Piga picha kabla ya kufungua. Ukimaliza, chomoa waya kwenye koili, weka karatasi kavu katikati ya pointi, pima kwa mita kati ya waya huo na bodi. Mita ikilia, fungua upya.

5. Zungusha hendeli mpaka pointi ziachane kabisa. Gepu, yaani nafasi kati yake, ni 0.35 hadi 0.40 mm. Futa fila (vibati vya kupimia gepu) kwanza, mafuta yake huunguza pointi. Kaza skrubu inayoshika pointi, halafu pima tena, maana skrubu huvuta bati.

6. Paka grisi kiduchu kwenye kona za shafti ya distributa, zile zinazosukuma pointi. Bila grisi pointi zinalika, gepu linafunga, taimingi (wakati wa moto kuruka kwenye plagi) inachelewa.

7. Rudisha vyote. Mpangilio wa moto kwa silinda ni 1-3-4-2, namba 1 iko upande wa feni. Kagua taimingi, ukigusa gepu umeigusa nayo.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, gepu ngapi?
— Namba 5.

Mdau wa Mbagala: Fundi wangu anapimia wembe.
— Wembe mmoja una 0.1 mm. Ukikwama porini, bana nyembe nne. Ukiwa mjini, nenda Gerezani ununue fila.

Mwanafunzi wa VETA: Shikamoo. Kondensa inafanya nini hasa?
— Marahaba. Pointi zikiachana, umeme wa koili hautaki kukatika, unaruka pale pale kwenye pointi. Kondensa inaupokea, koili inakata ghafla, na ukataji huo wa ghafla ndio unaozaa moto mkali wa plagi. Kagua pointi kuukuu: upande mmoja ukiwa na shimo na mwingine kichuguu, shuku kondensa. Njoo na swali jingine wakati wowote.

Mdau wa Sinza: Si ufunge ya elektroniki tu?
— Nimewafungia watu, inafanya kazi. Ila ikifa usiku barabara ya Rufiji, utaifanyaje? Pointi nazisugua kwa msasa laini nikafika nyumbani.

Mzee wa Kigamboni: Yangu asubuhi za masika inamisi, jua likitoka inatulia.
— Shikamoo mzee. Unyevu huo. Kausha kifuniko kwa kitambaa, kisha kimulike ndani kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama wa penseli, moto umejichorea njia humo. Kukausha hakutasaidia, badilisha kifuniko.