SOMO: Kung'arisha rivolva ya nikeli bila kuibandua

Wakuu, kabla hujashika kitambaa hakikisha kwanza ulichonacho ni nikeli kweli. Nikeli weupe wake unaelekea njano kidogo, krom inaelekea bluu, stenlesi ni kijivu. Ukichanganya hapa umeumia, maana stenlesi unaweza kuikwangua kidogo ikavumilia, nikeli ni ngozi tu, nyembamba kuliko unywele, imechovywa juu ya chuma na wakati mwingine katikati kuna tabaka la shaba.

Hatua 1: fungua silinda, toa risasi, kagua kila tundu kwa jicho na kidole, risasi peleka chumba kingine. Hata kama una uhakika haina kitu.

Hatua 2: toa vishikio. Bisibisi ienee skrubu sawasawa, ikiteleza umeshachora.

Hatua 3, na hii ndo wengi wanairuka: osha kwanza. Mafuta mepesi ya bunduki na brashi ya nailoni, futa, rudia, la sivyo utakuwa unasugua na masizi na mchanga. Ila soma kibandiko cha dawa! Dawa nyingi za kusafishia mtutu zina amonia, kazi yake ni kula mabaki ya shaba ya risasi, sasa nikeli yako ikiwa na mkwaruzo amonia inapenya inakula ile shaba ya chini, kama ipo, alafu nikeli inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Polishi za vyombo vya shaba nazo usiziamini.

Hatua 4: polishi laini kama Flitz au Simichrome, kidogo sana, kitambaa cha pamba, sehemu ndogo ndogo bila kukandamiza. Kitambaa kitakuwa cheusi, usifurahi sana, weusi ule ni uchafu pamoja na nikeli yenyewe kidogo, kwa hiyo iking'aa acha. Kingo na maandishi pita juu juu. Nyundo na triga usiguse, nyingi hazijachovywa, zina zile rangi za mawimbi zinazotokea chuma kikichomwa ili kiwe kigumu, na polishi inazifuta. Mashine ya kuzungusha na nyuzi za chuma? Hapana kabisa.

Hatua 5: toa mabaki ya polishi kwenye mianya, paka nta nyembamba, mimi napenda Renaissance Wax, ile iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950, alafu piga kitambaa kikavu.

MASWALI

– Mkuu, weusi wa mbele ya silinda hautoki, nitumie kile kitambaa cha kutolea mabaki ya madini ya risasi yaliyoganda?
– Achana nao. Kitambaa hicho kinakwangua, na weusi wenyewe utarudi siku ukipiga tena.

– Yangu imebanduka karibu na mdomo wa mtutu, polishi itaficha?
– Haifichi, inapanua kidonda. Dawa ni kuchovya upya, ila kama ni ya zamani, mfano Colt ya karne ya 19, muone mtaalam kwanza, wakusanyaji wanaithamini nikeli ya kiwandani hata ikiwa imechakaa.

– Na kuilaza kwenye holista ya ngozi je?
– Kubebea sawa, kuhifadhia hapana. Ngozi inavuta unyevu na ina kemikali za kiwandani, utakuta madoa. Ifunge kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, weka kabatini, funga na kufuli.