Kusoma Muundo wa Utando Mwembamba kwa Mwanga wa Leza

Utando wa oksidi ya zinki uliotandazwa juu ya kioo huweza kupokea mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) na kutoa wa kijani wa nanomita 532, lakini nguvu ya kijani hicho haitokani na zinki peke yake. Hutegemea zaidi namna chembe za fuwele zilivyojipanga ndani ya utando. Mwanafunzi wa Unguja au Pemba mwenye leza ya mapigo, yaani inayotoa mwanga huo kwa vipindi vifupi sana, anaweza kuusoma mpangilio huo.

Ili kutengeneza utando, yeyusha zinki asetati katika alkoholi yenye monoethanolamaini kidogo (kemikali inayoisaidia kuyeyuka), dondoshea kwenye kioo kinachozungushwa mara 3000 kwa dakika, kausha kwa nyuzi 300 za Selsiasi, rudia tabaka kwa tabaka, kisha choma saa nzima kwa nyuzi 500. Wakati wa masika funga madirisha. Nilipoteza vioo vya wiki nzima vilivyotoka vyeupe kama tui, kwa kuwa unyevu uliliingilia tabaka kabla halijakauka, na utando wa aina hiyo hutawanya mwanga ovyo.

Vaa miwani ya kinga inayozuia nanomita 1064, kwani mwale huo huunguza jicho bila ya kuonekana. Pima kwanza kioo kitupu, ambacho kwa kukosa mpangilio wa fuwele hakitoi kijani cha maana, kisha weka utando wako.

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Elekeza mwale uupige utando moja kwa moja, bila ya mwinamo wowote. Ikiwa mihimili ya chembe zote, yaani mistari mikuu ambayo fuwele zimejipanga kuifuata, imesimama juu ya kioo kama minazi, kijani kitatoweka karibu chote, kwa sababu mtikisiko mpya wa umeme unaozaliwa hufuata njia ile ile ya safari ya mwale, na mtikisiko wa namna hiyo hautoi mwanga kwenda mbele. Inamisha kioo taratibu, nyuzi 10, 20, 40, nawe utaona kijani kikichomoza na kukua. Kikiwepo tangu kioo hakijainamishwa, chembe zako zimelala kila upande.

Unapolinganisha tando mbili, pima kwanza unene wake: katika utando mwembamba sana, unene ukiongezeka mara mbili, kijani huongezeka takriban mara nne ilhali muundo haukubadilika hata kidogo.