Sabuni ya vyombo na safari ya maji yake: jinsi ya kuchagua ukiwa Kisumu au Nakuru

Kabla hujashika chupa dukani, jiulize maji ya vyombo vyako yanaishia wapi. Nyumba ya Milimani, Kisumu, iliyounganishwa na bomba la maji taka haina shida sawa na ploti ya Manyatta ambako karai humwagwa mtaroni, na zote mbili hazifanani na boma la Ahero linalomwagia migomba maji hayo. Sabuni inayomfaa mmoja yaweza kumharibia mwingine.

Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo mbele ya Kisumu, ina kina kifupi, na maji yake hubadilishana polepole na ya ziwa kuu. Uchafu ukifika hapo hauondoki upesi, na gugu maji na mwani hunenepea papo hapo. Ziwa Nakuru ndilo lenye tabu zaidi, maana halina mto hata mmoja unaotoka: kinacholetwa na mto Njoro na mifereji ya mji hubaki humo, maji yakipungua kwa jua tu.

Ukiwa na bomba la maji taka, una nafasi pana ya kuchagua. Sabuni nyingi za maji zinazouzwa kwetu hutegemea viungo viwili vya kukata mafuta: SLES, ambayo wauza kemikali huiita ungerol, na asidi ya salfoniki, ambayo ikishatulizwa kwa magadi huandikwa LAS kwenye lebo. Vyote viwili huozeshwa vizuri na bakteria palipo na hewa. Kinachosumbua bomba zaidi ni mafuta uliyokaangia mbuta, nayo hayahusiani na chapa ya sabuni.

Ukiwa na tangi la septiki au shimo, mambo hubadilika, kwa sababu humo ndani hakuna hewa. SLES huoza penye oksijeni na pasipo nayo. LAS bila oksijeni haiozi kwa kiasi cha maana. Hukaa kwenye tope mpaka lori la kunyonya lije. Kwa hiyo soma lebo, na kama LAS imetajwa kabla ya SLES, tafuta nyingine. Zile zenye viungo vinavyoishia na neno "glucoside", vinavyotengenezwa kwa sukari na mafuta ya mimea, ni bora zaidi ingawa bei yake huuma na povu lake ni jepesi. Usimwage jiki nyingi kwenye sinki hilohilo, maana utaua bakteria wanaokufanyia kazi.

Ukimwaga kwenye udongo, adui yako ni sodiamu. Sabuni ya maji ya bei nafuu hufanywa nzito kwa chumvi, na huongezwa magadi. Udongo mweusi wa Kano, ambao tayari hupitisha maji kwa shida, ukinyweshwa sodiamu kila siku hufungana, ukauka na kuwa mgumu kama sakafu. Sukuma wiki huungua kingo za majani. Migomba huvumilia zaidi, lakini hamishahamisha mahali pa kumwaga, mwaga chini ya shina wala si juu ya majani, na yale maji ya kwanza yenye mafuta usiyapeleke shambani.

Mtaro wa wazi ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa maji hufika mtoni kabla hayajaoza. Neno "biodegradable" (yaani huoza) kwenye chupa halimaanishi kwamba sabuni huyeyuka ikawa si kitu. Kipimo kinachotumika kimataifa huipa sabuni siku 28, tena penye hewa, ioze kwa asilimia 60 au zaidi. Kutoka mtaro wa Obunga, Kisumu, hadi ziwani maji hayachukui siku 28. Wakati huo wote kiungo kinachokata mafuta ya sufuria kinaweza kudhuru matamvua ya samaki, anayopumulia, vilevile. Ndiyo maana hakuna sabuni inayoruhusu kuoshea vyombo ufukweni, hata iwe ya asili namna gani. Chimba shimo la kina cha goti, lijaze kokoto na changarawe, umwage humo, mbali na kisima.

Sasa lebo. Chupa inayojisifu kwamba haina fosfeti haijakuongezea kitu, kwa sababu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono kwa kawaida haiwekwi fosfeti. Fosfeti, ambayo ni chakula cha gugu maji na mwani, hupatikana zaidi kwenye sabuni za unga za kufulia na zile za mashine ya kuoshea vyombo. Kosa basi ni kuoshea sahani kwa unga wa kufulia. Mbali na fosfeti, huwa una viungo vya kung'arisha nguo nyeupe ambavyo havina kazi kwenye kikombe cha chai. Ukikosa sabuni ya maji, kipande cha sabuni cha kawaida ni afadhali mara nyingi kuliko unga.

Iache pia chupa inayotangaza kuua vijidudu, hasa ikitaja triclosan. Marekani iliipiga marufuku kwenye sabuni za kunawia za majumbani mwaka 2016, na kwa viumbe wa majini ni sumu. Maji moto, kusugua na kukausha juani vinakutosha. Rangi ya kijani na jani lililochorwa ni mapambo tu. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina maana, lakini ni ya ubora, haisemi lolote kuhusu ziwa. Kuhakikisha si ya kughushi, tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023.

Sabuni ya kupimiwa kutoka mtungi wa lita 20 si ya kudharauliwa. Unarudisha chupa yako ileile, na hiyo peke yake hupunguza plastiki kuliko chupa yoyote yenye jani. Ila muulize anayeitengeneza maswali matatu: ametumia ungerol pekee au na salfoniki, ameifanya nzito kwa nini, na ameipika lini. Akijibu kwa ukali, nunua kwingine. Uzito wake usikudanganye, kwani chumvi huweza kuifanya sabuni hafifu ivutike kama uji. Ikijitenga tabaka mbili, vipimo vilikosewa. Ikinuka yai bovu, imeoza mtungini. Ikikuwasha vidole, au sufuria ya alumini ikawa nyeusi ndani baada ya kulowekwa, asidi na magadi havikulingana.

Jambo hilo la mwisho unaweza kulipima mwenyewe kwa kabichi ya zambarau. Katakata majani mawili, chemsha kwenye kikombe kimoja cha maji kwa dakika kumi, chuja, acha yapoe. Tia vijiko viwili vya maji hayo kwenye kikombe cheupe, kisha matone matatu ya sabuni isiyo na rangi au yenye rangi hafifu. Yakibaki zambarau au yakaegemea buluu, iko sawa. Yakigeuka waridi, kuna asidi iliyobaki. Yakiwa kijani au manjano, magadi yamezidi. Kipande kitakupa kijani siku zote, na hilo si kasoro, ndivyo sabuni halisi ya mafuta na soda ilivyo.

Kujua ipi ina nguvu, pima kwa sahani. Weka lita mbili za maji vuguvugu kwenye karai, kijiko kimoja cha chai cha sabuni, koroga mara ishirini. Paka kila sahani nusu kijiko cha mafuta ya kuganda, zioshe moja moja humo, uhesabu mpaka povu lififie na lisirudi ukikoroga. Rudia na sabuni ya pili, kwa maji ya joto lilelile. Tuseme ya kupimiwa ni shilingi 100 kwa lita na imeosha sahani 6, ya chupa ni shilingi 250 kwa lita na imeosha 18. Lita moja ina vijiko 200. Ya kwanza inakupa sahani 12 kwa shilingi, ya pili 14 na ushee, tena umepeleka kemikali chache zaidi nje. Usilinganishe kipande na sabuni ya maji kwa njia hii. Povu la kipande hufa mapema, hasa kwenye maji magumu ya kisima, ambako huacha utando mweupe. Hapo tumia maji ya mvua.

Hata sabuni nzuri ikitumiwa ovyo ni ileile mbaya. Wengi huminya chupa moja kwa moja juu ya sponji, na kila mnyunyizo ni kijiko kizima. Changanya kijiko kimoja na nusu kikombe cha maji kwenye bakuli, chovya humo. Familia ya watu watano itaosha vyombo vya chakula cha jioni na kubakiza. Kabla ya hapo, kwangua ukoko wa ugali kwa mwiko baada ya kuuloweka kwa maji baridi matupu, kwa sababu maji moto huufanya wanga unate. Mafuta ya samaki yafute kwa gazeti au konzi ya majivu, uyatie jikoni yawake. Majivu yenyewe ni sabuni nusu, maana magadi yake hushikana na mafuta, lakini yachekeche kwanza yasichubue alumini. Anza na glasi, kisha sahani, sufuria zenye masizi mwisho.

Badala ya sponji ya plastiki inayomomonyoka na kuingia mtaroni, tumia dodoki. Likate vipande vya urefu wa kiganja, likamue na kulianika kila baada ya kuosha, la sivyo hunuka siku ya tatu. Likilegea, litupe kwenye mbolea. Kipande nacho kiwekwe juu ya kitu chenye matundu. Kikikaa kwenye maji usiku kucha, robo yake huwa uteute, na uteute huo huishia kumwagwa.