Maziwa ya jioni yakawa aiskrimu

Hapa Njoro gari la maziwa hupita asubuhi tu. Ya jioni tulikuwa tukiwapa ndama na majirani, mengine yakachacha. Ndiyo niliyoanzia aiskrimu, nawe uanzie hapo. Ya asubuhi yaache yaendelee kulipa deni la chakula cha ng'ombe.

Hatua ya 1: Maziwa. Ng'ombe aliyetibiwa matiti, ngoja siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Chunga malisho pia. Niliwahi kuwapa majani ya kabichi kabla ya kukama, na wateja wakaonja kabichi ndani ya vanila. Siku hizi wanayala wakishakamwa.

Hatua ya 2: Vipimo. Maziwa lita 4, malai mazito lita 1.5, sukari kilo 1, maziwa ya unga gramu 300, unga wa kastadi vijiko 3 vikubwa. Maziwa ya Friesian yana mafuta kama asilimia 3.5, na aiskrimu inataka karibu 10; pengo hilo linazibwa na malai. Mwenye ng'ombe wa Jersey, ambao maziwa yao yana mafuta zaidi, atapunguza malai. Maziwa ya unga watu huyaruka kubana matumizi, kisha wanashangaa aiskrimu inakwaruza ulimi. Maji yakizidi, chembe za barafu huwa kubwa.

Hatua ya 3: Pika, poza, laza. Koroga kastadi kwa maziwa baridi kwanza isifanye madonge. Weka sufuria yenye mchanganyiko wote ndani ya sufuria kubwa yenye maji, pandisha hadi nyuzi 80 na ushikilie dakika 10 ukikoroga. Nunua kipimajoto; kidole hakijui nyuzi. Poza haraka kwenye karai la maji baridi ukiyabadilisha, kisha ulaze kwenye friji, nyuzi 4 au chini, usiku kucha. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Usiku huo mafuta hukaza, protini hunyonya maji, na mchanganyiko huwa mzito wa kushika hewa. Vanila tia asubuhi.

Hatua ya 4: Sukasuka. Kujaribu ladha, chombo cha chuma ndani ya ndoo ya barafu kinatosha: barafu mafungu matatu, chumvi ya mawe fungu moja. Chumvi huishusha barafu chini ya sifuri. Kwa biashara, nunua mashine. Mkono huchoka kabla hewa haijaingia.

Hatua ya 5: Gandisha. Friza nyuzi 18 chini ya sifuri, hadi kesho yake. Stima ikipotea, usifungue mlango. Ikiyeyuka, usiigandishe tena. Mimi niligandisha, na mteja akaniuliza kama nimetia mchanga. Hasara ya friza moja ingekuwa nafuu kuliko wateja niliopoteza.

Hatua ya 6: Kuuza. Mchanganyiko huu ni kama lita 6. Ukishaingia hewa hukaribia 8. Kwa hiyo piga hesabu kwa kikombe, na humo uingize kikombe chenyewe, kijiko, stima na nauli ya Nakuru mjini. Karatasi zitangulie: leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula.

Januari hadi Machi, jua likiwaka, friza haikai na kitu. Julai huku kwetu watu wanataka chai, hivyo natengeneza mara moja kwa wiki na maziwa mengine ya jioni nayafanya mala, yaani maziwa mgando.