Sheria ndogo ya kulinda mto wa kijiji: itungeni isirudishwe na wilaya

Malori ya mchanga yakishaanza kushuka mtoni, mgambo asiye na sheria ndogo iliyoidhinishwa hana cha kusimamia. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwongozo huu unahusu vijiji vya wilaya za mkoa wa Dodoma: Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Mtaa wa mjini Dodoma hauna uwezo huo. Huko hutunga Jiji.

Anzeni na mpaka, maana hapo ndipo kesi nyingi hufia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Pimeni Agosti hadi Oktoba, mto ukiwa mkavu. Msipime kutoka katikati ya mchanga. Tafuteni maji ya mvua zilizopita yalifika wapi (takataka zilizonasa vichakani, udongo uliokatika), kisha pimeni kuanzia juu ya ukingo huo. Wekeni alama kila mto unapopinda, na pasiwe na zaidi ya mita 100 bila alama: jiwe lililopakwa rangi au mti mkubwa, kamwe si kigingi cha mtoni, kwani mafuriko ya Januari yatakizoa. Wenye mashamba yanayopakana wawepo na wasaini. Maneno “kando ya mto” kwenye rasimu humwokoa mshtakiwa. Andikeni kuanzia wapi hadi wapi, kwa majina ya wenyeji.

Rasimu ya kurasa mbili au tatu yatosha. Itaje eneo, kinachokatazwa, kinachoruhusiwa, nani anakamata, faini, na akaunti inakoingia. Kikomo cha faini muulizeni mwanasheria wa halmashauri ya wilaya mapema, kwa sababu faini iliyopangwa kwa hasira ndiyo inayorudisha rasimu.

Msisahau njia ya mifugo kwenda majini. Kondoa wanaikumbuka HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo), iliyoanza 1973, na mifugo ilivyoondolewa vilima vya Irangi mwaka 1979. Mfugaji akisikia neno “hifadhi” ana sababu ya kushtuka. Tajeni upana wa njia, mahali pa kunyweshea na miezi yake. Mkiwafungia kabisa, watapita usiku, na huyo mgambo ni jirani yao.

Mkutano Mkuu wa Kijiji uitishwe baada ya mavuno, kwa tangazo lililobandikwa kila kitongoji likitaja ajenda hiyo waziwazi. Rasimu isomwe yote kwa sauti. Muhtasari uonyeshe hoja zilizotolewa, hata za waliopinga, na uamuzi uliofikiwa. Orodha ya mahudhurio iwe na saini, si majina yaliyoandikwa kwa mkono mmoja. Mwanasheria wa wilaya huona hilo upesi kuliko mnavyodhani.

Baada ya hapo rasimu, muhtasari na mahudhurio hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na diwani afuatilie iingie kwenye ajenda. Kabla ya idhini msitoze hata shilingi.

Ikishapitishwa, kila faini iwe na risiti. Anayekana kosa apelekwe Mahakama ya Mwanzo. Serikali ya kijiji haina mamlaka ya kufunga mtu. Lori msiling’ang’anie: chukueni namba, picha na saa, kisha polisi. Dereva akitoa leseni ya madini, piga picha leseni hiyo na uipeleke kwa mwanasheria, kwani mchanga nao uko chini ya Sheria ya Madini ya 2010 na sheria ndogo haiwezi kuitangua. Wilaya ikinyamaza, andikieni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Zaidi ya hapo, kifungu cha 5 cha sheria ile ya 2004 kinamruhusu mtu yeyote kufungua shauri kulinda mazingira, hata asiye na shamba hapo.