Jinsi ya Kushiriki Kumlinda Mjusi wa Buluu wa Kimboza

Mjusi wa buluu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Lygodactylus williamsi, haishi porini popote duniani isipokuwa mkoani Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, hasa katika msitu wa hifadhi wa Kimboza wenye ukubwa wa takriban kilomita 4 za mraba na katika msitu wa Ruvu. Makazi yake ni mkadi, mmea wenye majani marefu yenye miiba, ambako huwinda wadudu, hujificha na kutaga mayai, kwa kawaida mawili. Anayetaka kumlinda mjusi huyu hana budi kuanza na mkadi.

Kwanza omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kisha ujitambulishe kwa uongozi wa kijiji, kwa kuwa mtu asiyejulikana anayechungulia mikadi atashukiwa kuwa mkamataji, na ni haki ashukiwe. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 inakadiriwa kuwa zaidi ya mijusi 32,000 walichukuliwa kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa majumbani, na mara nyingi mikadi yenyewe iliangushwa ili mijusi waliokuwa juu wafikiwe. Hasara ya kukata mti ni kubwa kuliko ya kumchukua mjusi mmoja, kwa sababu mkadi ulioangushwa huwanyima makazi hata wale walioponyoka. Kwa hiyo andika idadi ya mikadi katika eneo ulilopangiwa, na kila unaporudi uihesabu upya, ukitoa taarifa mara moja unapokuta kisiki kibichi.

Mijusi wahesabiwe kwa darubini, pasipo kuwagusa wala kutikisa majani, wakati jua limeshawaka nao wametoka kuota joto. Dume aliyekomaa ni buluu angavu na koo lake ni jeusi. Jike huwa na rangi ya shaba au kijani, lakini wachanga na madume wanyonge nao huweza kuwa na rangi hizo. Andika basi “dume wa buluu” na “wengineo” badala ya kubahatisha jinsia. Picha utakazosambaza zisioneshe mahali hasa zilipopigwa.

Moto uzuiwe kabla ya kiangazi kwa kusafisha mpaka kati ya mashamba na msitu. Mti wa kigeni uitwao sedrela, ambao mbegu zake hupeperushwa na upepo, unasongamana na kuchukua nafasi ya miti ya asili, ila usiukate kwa uamuzi wako: kisiki chake huchipua tena, na shina likianguka vibaya huponda mikadi.

Tangu Januari 2017 mjusi huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa hiyo kumuuza nje ya nchi kibiashara baada ya kumkamata porini kumepigwa marufuku. Ukiona mijusi kwenye vikopo au mifuko, andika mahali, saa na namba ya gari, kisha uwaarifu TFS au polisi bila kukabiliana na wahusika. Waliookolewa usiwarudishe msituni mwenyewe, kwani wanaweza kuwa wamepata maradhi walipochanganywa na wanyama wengine. Wakabidhi kwa maofisa wa wanyamapori.