Somo: Namna ya kuingia kwenye majadiliano ya watengenezaji wa HotSpot, kuanzia kujenga mashine hadi kiraka cha kwanza

HotSpot ndiyo mashine pepe inayoendesha sehemu kubwa ya programu za Java duniani. Msimbo wake uko wazi tangu Novemba 2006, Sun Microsystems ilipouachia kwa leseni ya GPL toleo la 2. Maktaba za Java zilifuata Mei 2007. Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na kazi ya OpenJDK, mradi wa msimbo huo wazi, ikaendelea hadharani hadi leo. Hata hivyo wengi wetu tunaoandika Java kila siku kazini tunaishia kupakua JDK, yaani kifurushi cha zana za Java, na kuitumia. Mlango uko wazi, lakini anayeingia na msimbo mkononi tu hafiki mbali. Maamuzi ya mradi huu hufanyika kwenye mazungumzo, kwa hiyo jifunze mapema wenzako wanabishana vipi na ni ushahidi gani huwashawishi.

Hatua ya 1: Jenga mashine yako

Kabla hujachangia neno, jenga mashine kutoka kwenye msimbo. Nashauri Linux, ndiyo yenye usumbufu mdogo zaidi. Tenga angalau GB 6 za diski, na uwe na JDK iliyokwisha kujengwa ya toleo moja nyuma ya hilo unalojenga, maana sehemu kubwa ya JDK imeandikwa kwa Java na lazima kitu kiikompaili. Kisha:

git clone --depth 1 https://github.com/openjdk/jdk
cd jdk
bash configure --with-debug-level=fastdebug
make images

Kipengele cha --depth 1 kinaacha historia yote ya nyuma, na kwa mwenye bando la kupima hilo ni jambo kubwa. Historia utaivuta baadaye kwa git fetch --unshallow utakapoanza kutuma viraka, yaani mabadiliko yako ya msimbo. Hatua ya configure ikikosa kitu haikuachi gizani: inataja kinachokosekana na mara nyingi inakuandikia amri ya kukisakinisha. Soma ujumbe wake hadi mwisho.

Kwa nini fastdebug? Toleo la kawaida huzima ukaguzi wa ndani ili liende kasi. Fastdebug huuacha ukifanya kazi: maelfu ya mistari ya assert waliyoiweka watengenezaji, kila mmoja ukisema "hapa jambo hili lazima liwe kweli". Ukiharibu kitu, mashine inasimama palepale na kukuachia faili la hs_err lenye jina la faili la msimbo na mstari. Bila hivyo kosa linajificha, na utaligundua mbali kabisa na lilikoanzia.

Hatua ya 2: Tembea ndani ya msimbo

Ingia src/hotspot/share. Humo gc ni vizoa takataka (vinavyorudisha kumbukumbu isiyotumika tena), runtime ni nyuzi (threads) na kufuli (locks), classfile ni usomaji wa madaraja (classes), c1 na opto ni kompaila mbili zinazogeuza bytecode (umbo la kati la programu ya Java) kuwa maagizo ya mashine wakati programu inaendelea kukimbia. Yanayohusu aina ya prosesa yako src/hotspot/cpu, na ya mfumo endeshi yako src/hotspot/os.

Usianze na opto. Ni eneo zuri mno lakini linameza watu. Anza na gc/serial, kizoa takataka kinachotumia uzi mmoja. Kinasomeka, na mawazo yake makuu utayakuta tena ndani ya G1, kizoa kinachotumia nyuzi nyingi. Kisha fungua kitendakazi Threads::create_vm, mahali mashine yenyewe inapoamka. Ongeza mstari wa log_info(gc)("habari"), jenga upya kwa make hotspot, halafu endesha programu yoyote ndogo ukitumia -Xlog:gc. Ukiona neno lako kwenye skrini, mashine hiyo umeanza kuielewa.

Hatua ya 3: Soma mabishano yaliyokwisha kufungwa

Hapa nawaomba mkae muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa kiraka kizuri kukataliwa.

Majadiliano yamegawanywa kwa maeneo, kila eneo na kundi lake la barua pepe: hotspot-gc-dev kwa uzoaji takataka, hotspot-runtime-dev kwa nyuzi na kufuli, hotspot-compiler-dev kwa kompaila, core-libs-dev kwa maktaba. Mabadiliko makubwa huandikiwa waraka unaoitwa JEP (JDK Enhancement Proposal), wenye sababu, njia mbadala zilizofikiriwa na hatari zake. Nyaraka hizi ni darasa la bure la uhandisi.

Chukueni kisa cha CMS, kizoa takataka kilichotumika kwa miaka mingi na watu waliochukia programu kusimama. Mwaka 2017, katika JDK 9, JEP 291 ilitangaza kwamba kinaelekea kuondolewa. Sababu haikuwa kwamba hakina watumiaji, maana walikuwepo wengi. Sababu ilikuwa kwamba kukitunza kulikula nguvu zilizohitajika kwenye G1 na vizoa vipya, na anayekitaka alialikwa ajitokeze kukibeba. Hakujitokeza mtu wa kuaminika wa kuishika kazi hiyo kwa kudumu. JDK 14 ilipotoka Machi 2020, JEP 363 ilikuwa imekwisha kukiondoa. Katika mradi huu, kilio cha mtumiaji kinasikilizwa, lakini uzito mkubwa unakwenda kwa aliye tayari kutunza msimbo mwaka hadi mwaka.

Kisa cha pili ni -XX:+UseBiasedLocking. Mbinu hii iliuachia kufuli uzi wa kwanza kuishika, ili ukirudi usilipie tena gharama ya maagizo ya atomiki (yasiyokatizwa katikati). Zamani iliharakisha sana programu zilizojaa Hashtable na Vector, madaraja ya zamani yanayoshika kufuli kila yanapotumika. Miaka ikapita, prosesa zikapunguza gharama ile, waandishi wakahamia HashMap na ArrayList, na kilichobaki kikawa msimbo mgumu uliosambaa kila kona ya runtime. JEP 374 ikaizima katika JDK 15, na katika JDK 18 ikaondolewa kabisa. Angalieni hoja zilivyojengwa: vipimo vya zamani vilikuwa sahihi kwa wakati wake, swali likawa kama bado vinasimama. Ukitaka kupendekeza kuondoa au kuongeza kitu, andika kwa mtindo huo.

Tazameni pia jinsi nyuzi pepe (virtual threads), nyuzi nyepesi zinazosimamiwa na mashine pepe yenyewe, zilivyokamilika kwa awamu. JEP 444 iliziweka rasmi katika JDK 21 mwezi Septemba 2023, huku ikikiri wazi kwamba uzi pepe ukikwama ndani ya synchronized, neno la Java la kushika kufuli, unaung'ang'ania uzi wa mfumo unaoubeba. Tatizo hilo lilikuja kutatuliwa na JEP 491 katika JDK 24, Machi 2025. Kutoa kitu chenye upungufu unaojulikana na ulioandikwa kunakubalika. Kuuficha upungufu hakukubaliki.

Hatua ya 4: Chagua kitu kidogo

Hitilafu zote ziko bugs.openjdk.org, kila moja na namba yake. Tafuta zenye lebo ya starter. Ujumbe wa kosa usioeleweka, jaribio linalofeli mara moja moja, msimbo uliokufa: kazi kama hizi zinakufundisha njia bila kukuangusha. Kabla ya kuanza, andika kwenye kundi husika kwamba unakusudia kuishika. Huenda kuna mtu tayari yuko katikati ya kazi hiyo.

Hatua ya 5: Saini makubaliano ya OCA

Bila Oracle Contributor Agreement kiraka chako hakiangaliwi. Unabaki na hakimiliki yako, na Oracle nayo inapata haki ya pamoja. Saini mapema.

Hatua ya 6: Tuma na ujibu

Tangu Septemba 2020 msimbo uko GitHub. Kichwa cha ombi lako la kuingiza kiraka (pull request) kianze na namba ya hitilafu, nukta pacha, kisha maneno yaleyale ya hitilafu. Roboti hukagua umbo: nafasi tupu mwishoni mwa mstari au tab vitakurudisha. Ikiridhika, barua yenye kichwa kinachoanza na RFR (Request for Review, ombi la ukaguzi) inakwenda kwenye kundi la eneo lako.

Kwa HotSpot unahitaji wakaguzi wawili, angalau mmoja awe na ngazi rasmi ya mkaguzi, na kiraka kikae si chini ya saa 24 ili watu wa pande zote za dunia wakione. Wengi wa wanaoshughulikia G1 na ZGC, kizoa kingine, wako Stockholm, saa moja au mbili nyuma yetu sisi wa Afrika Mashariki, hivyo mazungumzo ya GC yanatukuta macho.

Mkaguzi akiuliza, jibu swali lenyewe. Akisema "umepima?", leta matokeo ya JMH, zana ya kupima kasi ya msimbo wa Java, ukitaja prosesa na vipengele ulivyotumia. Usilazimishe historia mpya kwa force push wakati ukaguzi unaendelea, maana mkaguzi anapoteza alipofikia. Ongeza komiti (commit) mpya, roboti itaziunganisha mwishoni. Ukishaidhinishwa andika /integrate, na mwenye haki ya kuingiza msimbo atamalizia kwa /sponsor.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Laptopu yangu ina RAM GB 4. Nijisumbue?

Ndiyo, ila kwa subira. Ongeza --with-native-debug-symbols=none kwenye configure, kisha make images JOBS=2. Ujenzi wa kwanza ndio mrefu. Baada ya hapo make hotspot inajenga tu kilichobadilika. Funga kivinjari wakati huo.

Swali: Mwalimu, lazima nijue C++?

Kwa HotSpot yenyewe, ndiyo. Ila ni C++ yenye mipaka: hakuna exceptions, maktaba ya kawaida hutumika kwa uchache sana, na mwongozo wa mtindo umo kwenye folda ya doc. Asiyeijua aanze na majaribio ya jtreg, zana ya kuendeshea majaribio ya JDK, chini ya test/hotspot/jtreg. Yameandikwa kwa Java, na jaribio zuri la hitilafu inayojulikana ni mchango unaoheshimiwa.

Swali: Nimeajiriwa. Naweza kusaini OCA mwenyewe?

Soma mkataba wako wa kazi kwanza. Kama mwajiri anamiliki unachoandika, hata nje ya saa za kazi, basi yeye ndiye anayepaswa kusaini. Hili usilichukulie kirahisi, dada yangu, kwa sababu unatoa ahadi ya kisheria.

Swali: Nimetuma kiraka, siku zinapita na hakuna aliyejibu. Wamenidharau?

Sidhani. Wakaguzi ni wachache, na mwezi Juni na Desemba wanakimbizana na toleo jipya kutengewa tawi lake. Subiri takriban wiki moja, kisha andika ukumbusho mfupi wa adabu, ukieleza kwa sentensi mbili kiraka kinatatua nini na ulikijaribu vipi. Tazama pia historia ya faili ulilogusa kwa git log. Aliyelihariri mara nyingi karibuni ndiye wa kumwomba kwa jina. Ombi likikaa wiki kadhaa bila harakati roboti itakuonya kwamba litafungwa. Maoni yoyote mapya kwenye ombi yanaliweka hai.

Swali: Sina account ya kuandika kwenye mfumo wa hitilafu. Nitapataje namba?

Ripoti kupitia bugreport.java.com, au eleza tatizo kwenye kundi husika na umwombe mwenye haki akufungulie. Weka programu fupi inayolionyesha tatizo, toleo kamili kutoka java -version, na faili la hs_err kama mashine ilianguka. Ukiambatanisha hivyo vitatu, kwa kawaida hutahitaji kuomba mara mbili.